Mzee Aliyetuitia Jua

Mwezi wa saba kwetu Elburgon haupambazuki vizuri. Ukungu hushuka kutoka msituni na kukaa juu ya mabati kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Katikati ya mchana unawasha taa. Nguo uliyofua mwanzo wa wiki inakungoja mwisho wa wiki ikiwa bado na maji, na ikibahatika kukauka juu ya jiko inanuka moshi na panya. Katika msimu huo, sauti niliyoizoea kuliko zote katika ploti yetu ya nyumba za kupanga ilikuwa ya jirani mmoja, na neno lake lilikuwa moja tu.

"Jua!"

Hakuongeza "limetoka" wala "njooni." Alilipiga neno hilo kama mtu aliyemwona mwizi akiruka ua. Milango ya ploti nzima ilifunguka kwa pamoja. Magodoro yalitoka, blanketi zikatoka, yunifomu za shule, soksi zisizo na wenzao, maharagwe kwenye gunia, na mama yangu akiwa na trei zake za wavu zilizojaa maua ya pareto aliyokausha kwa kuuza, akipiga watu viwiko apate nafasi. Dakika chache baadaye ukungu ulirudi na sote tukarudisha kila kitu ndani, tukicheka, tukiwa na joto kwa sababu ya kukimbia kama si kwa sababu ya jua lenyewe.

Tulimwita Mzee. Alikuwa mwanamke, na watu ninaowasimulia habari zake hushangaa hapo. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani kwetu ukipewa kazi hiyo unapewa na jina, uwe na ndevu au uwe na leso. Naambiwa marehemu mume wake, aliyekuwa fundi wa mbao, alikuwa akijitambulisha kwa wageni kama "bwana ya Mzee," na hakuona chochote cha ajabu.

Msimu wa baridi alivaa sweta juu ya sweta, kofia ya marvin chini ya kitambaa cha kichwa, na soksi za mpira wa miguu ndani ya gambuti. Alitembea akiwa mnene kama gunia la viazi, na chini ya hayo yote alikuwa mwembamba kabisa. Ukimuuliza kama anasikia baridi alikasirika.

"Baridi ni ya watu hawana kazi," alisema.

Mimi, mtu asiye na kazi, nilirudi ndani pole pole.

Nieleze hapo. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Njoro na nimerudi kukaa na mama, nikiwa na digrii, kompyuta iliyochoka na tabia ya kufikiria kila kitu mara nyingi kuliko kinavyohitaji. Ofisi moja iliniandikia kwamba itawasiliana nami. Nilisoma sentensi hiyo mpaka ikapoteza maana. Je, "itawasiliana" ni ahadi? Mbona hawakuweka lini? Kuna nukta mwishoni, kwa hiyo wamekasirika? Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nimeacha kutuma maombi ya kazi. Nilikuwa pia nimeacha yale maombi mengine, ya kupiga magoti. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: usipoomba, hunyimwi. Nililala chini ya blanketi moja zito la kijivu, nikatazama mabati yakitoa jasho, nikamngojea mtu asiyejulikana anipigie simu.

Mzee alikuwa akipita dirishani.

"Wewe msomi! Uko ndani?"

"Niko, Mzee."

"Unafanya nini?"

"Nafikiria."

"Fikiria ukiwa nje. Hapo ndani mawazo haina pahali ya kutokea."

Siwezi kusema alijua hali ya hewa. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtu wa namna hii hudhani alisoma mawingu au alisikia dalili kwenye magoti. Hapana. Alikosea sana. Simu yangu pia ilikosea, lakini simu ilikosea kwa adabu, ikiandika "huenda." Mzee alikosea kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha bodaboda.

Alichokuwa nacho ni mtandao. Jirani wetu wa mlango wa mwisho alikuwa dereva wa lori, mwanaume mkubwa mwenye kitambi na roho laini, na kila alipokuwa barabarani Mzee alimpigia. Simu yake ilikuwa kwenye spika, nami nikawasikiliza kupitia ukuta wa mbao uliotutenganisha.

"Uko wapi?"

"Mai Mahiu, Mzee."

"Kuna jua?"

"Ni kali! Hadi nimevua shati."

"Na unakaa nayo peke yako? Itume huku."

Baadaye dereva alipiga mwenyewe, akiwa Salgaa, anakunywa chai na wenzake. "Mzee, naileta ile jua. Imekwama tu hapa, malori ni mengi." Mzee akamwambia atumie njia ya mkato. Halafu alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja na kutazama upande wa barabara, na sikuweza kujua kama alikuwa anatania.

Siku moja alilitangaza jua ambalo sijui aliliona wapi. Dereva alikuwa ameingia asubuhi kutoka safarini. Kwa kuwa alimwamini Mzee kuliko alivyoamini macho yake, alitoa godoro, blanketi na mto, akaviweka juu ya ua, kisha akaenda kunyolewa. Mvua ilinyesha kabla kinyozi hajamaliza upande mmoja. Alirudi mbio na kichwa cha mitaa miwili, akalikuta godoro limekunywa maji mpaka halibebeki.

"Mzee, ulisema jua!"

"Nilisema imetoka," Mzee alimjibu kutoka mlangoni. "Sikusema imehamia."

Dereva alilala kwenye kebini ya lori lake kwa siku kadhaa. Aliyempelekea blanketi kavu ni Mzee, akamfunika huku akimgombeza kwa kuacha matandiko bila mtu wa kuyaangalia. Na jua lililofuata, godoro la kwanza kutoka lilikuwa la dereva. Jambo hilo lilinisumbua sana. Ningekuwa yeye nisingetoa hata leso tena bila ushahidi. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yana mifupa. "Si lazima ikauke siku moja?" akasema.

Na Mzee mwenyewe hakuona haya kabisa. Nilingoja aone. Mimi nikikosea jambo dogo, nikimwambia mtu "asubuhi njema" kumbe ni mchana, nalibeba mpaka Krismasi. Yeye alikosea mbele ya ploti nzima, akachambua maharagwe, na kesho yake akaita tena kwa nguvu zile zile.

Kwenye ibada alikuwa hatari. Jumuiya yetu ya kanisa ilikutana katika nyumba za watu kwa zamu, na zamu ya Mzee ilipofika tulibanana kwenye makochi yake yenye vitambaa, jiko katikati, mchungaji amesimama. Mchungaji wetu ni mtu wa maombi marefu. Alikuwa ameshaombea wagonjwa, wasafiri, shule, viongozi, na alikuwa anaanza kuombea mataifa. Sote tulifumba macho. Mzee alifumba moja. Lile jingine aliliacha kazini, likichungulia pazia.

"Na tunakumbuka mataifa yaliyo mbali, ee Bwana, ambayo..."

"Jua!"

Hakuna aliyesema amina. Nyumba ilibaki tupu. Nilipotoka nilimwona mchungaji ameshika ncha moja ya godoro la Mzee, suti na tai, naye Mzee ameshika nyingine, wakilizungusha ili lipite mlangoni.

"Mzee, hata tungemalizia maombi," mchungaji alilalamika.

"Mchungaji, tumeomba jua kuanzia mwezi wa tano. Sasa amejibu, tumwambie angoje?"

Mchungaji alifikiri kidogo, kisha akavua koti la suti na kulianika.

Hayo yasikufanye udhani alikuwa malaika. Aliwakataza watu umbeya, na alijua nani kwenye ploti alikuwa hajaongea na mkewe kuanzia Jumapili. Alihubiri kwamba Mungu hulinda, na kuku wake aliwafunga miguu kwa kamba. Alitufundisha wanawake kugawana kwa upendo, lakini sehemu ya katikati ya kamba ya nguo, ile inayopata jua kwanza na kuliacha mwisho, ilikuwa yake. Hakuna aliyempa. Ukianika hapo alikuja bila neno na kusukuma nguo yako kando kwa kidole gumba, taratibu, mpaka ikafika kwenye kivuli cha choo. Jinzi langu limesafiri safari hiyo mara nyingi. Nililalamika kwa mama.

"Muache," mama alisema. "Kila mtu ana dhambi anayoipenda."

Na maombi yake ya peke yake hayakuwa ya adabu. Yalipita ukutani asubuhi, kabla hajawasha moto. "Baba, asante kwa usiku. Lakini hii ukungu, kusema kweli, ni ya nini? Sisi si samaki." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka heshima: "Mapenzi yako yatimizwe. Lakini uangalie hiyo maneno."

Alijua nimeacha kuomba. Sijui alijuaje. Labda ukuta ule wa mbao ulisikika pande zote mbili. Aliniuliza wakati tunachambua mawe kwenye maharagwe, bila kuinua kichwa.

"Siku hizi unaomba?"

Nilifikiria majibu kadhaa, yote mazuri. Lililotoka ni, "Hapana, Mzee."

Nilingoja mahubiri. Alitupa jiwe moja uani.

"Sawa. Kwa sasa anika."

"Anika nini?"

"Chochote. Blanketi yako. Hiyo yako inanuka hadi kwangu."

Sikulianika. Nilimwambia nitalitoa blanketi jua likiwa la kuaminika.

"La kuaminika," alirudia, akilionja neno hilo. "Mume wangu alikufa mwezi kama huu. Unajua hiyo?"

Nilijua, lakini hakuwahi kulisema mbele yangu.

"Mwaka uliofuata nilikaa ndani. Nilivuta pazia. Sikutaka mtu, sikutaka wimbo, sikutaka hata chai. Nikasema Mungu akinitaka anajua mlango. Sasa jioni moja nikatoka kuchota maji, nikapata mama yako anakunja nguo. Kavu! Zinanukia vizuri! Nikamuuliza, umekausha wapi? Akaniambia, si leo kulikuwa na jua, tena nzuri." Aliacha kuchambua. "Jua ilikuja ikaenda, msomi, na mimi niko ndani, na hakuna mtu aliniambia. Walikuwa wananipa heshima. Wananyamaza kwa sababu nimefiwa. Nilikasirika! Nilikasirikia ploti yote. Nikasema, basi mimi sitawahi kumfanyia mtu hivyo. Hata akiwa na matanga. Hata akiwa analala. Nitamwambia, akitaka atoke, akitaka akae, lakini hatasema hakuambiwa."

Akarudi kwenye maharagwe. Baada ya muda akasema kwamba mengi kati ya yale niliyoyaweka upande wa mazuri yalikuwa na wadudu.

Mwaka huo, baridi ilipokwisha, nilipata kazi ya mkataba mjini Nakuru, nikahama. Sitasema ni kwa sababu ya maombi ya nani. Nilikuwa nikimpigia Mzee siku za jua kali, nikimwambia mjini kunaungua. "Na unakaa nayo peke yako?" alisema kila mara.

Kisha mkataba ukaisha, haukuongezwa, na nilirudi Elburgon, mwezi wa saba tena, na begi lile lile. Blanketi la kijivu lilikuwa linaningoja. Nililala. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, maana mara ya kwanza ningeweza kusema bado sijajaribiwa. Sasa nilikuwa nimeonjeshwa nikarudishwa, na niliona afadhali nisingeonja.

Ilinichukua siku kadhaa kugundua kilichopungua. Ploti ilikuwa kimya. Hakuna aliyeita.

"Macho," mama aliniambia. "Hukuona vile anapapasa ukuta? Daktari amesema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji, lakini bado anangoja kuitwa. Anaona mwanga na giza tu. Akaacha kuita. Anasema hawezi kutangaza kitu hajaona."

"Na nyinyi?"

"Sisi nini? Kila mtu anaangalia simu yake." Mama aliinua trei moja ya pareto. Maua yalikuwa meusi, yameshikana kama majani ya chai yaliyotumika. "Jua ilitoka juzi nikiwa sokoni. Ikaenda. Hii yote imeoza. Na wewe ulikuwa hapa ndani."

Hakuniambia kwa hasira, na hiyo ndiyo sababu nililikumbuka neno hilo usiku kucha. Nilikuwa mle ndani, macho yangu mazima, pazia limevutwa.

Jioni hiyo mama alichuma mengine akayajaza kwenye trei, na siku iliyofuata akarudi tena shambani. Nilimpelekea Mzee chai. Alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye kigoda, sweta juu ya sweta, marvin imepinda, uso ameuelekeza uani kama mtu anayengoja mashindano yaanze. Nilimwekea kikombe karibu na mkono.

"Msomi. Umerudi."

"Nimerudi, Mzee."

"Walikufukuza?"

"Mkataba uliisha."

"Pole. Keti, unanizibia upepo."

Niliketi. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye kamba za nguo. Tulikaa hivyo.

Kisha ukungu ukabadilika rangi. Sina neno bora. Ulikuwa kijivu, ukawa kama maziwa. Ukingo wa paa la choo ukaonekana. Nikainua kichwa. Je, hilo ni jua, au ni wingu tu limepungua? Nilitoa simu: mawingu siku nzima. Nikatazama tena. Kulikuwa na kivuli chini ya ndoo, chepesi sana, ambacho huenda kilikuwepo tangu mwanzo. Kama ni jua, litakaa? Mama yuko njiani na maua mabichi, na yale ya jana yako ndani kwenye trei. Nikiita na mvua ije, maua ya jana yameharibika, na mimi ndiye nimeyaharibu. Nisipoita, nayo yanaoza, ila yataoza bila jina langu. Dereva yuko ndani amelala, naye ana godoro jipya. Na watu watasema, huyu ni nani anayeita? Si ndiye hata kazi ilimshinda?

Nilimtazama Mzee. Hakugeuka. Kile kivuli chini ya ndoo kilikuwa kimepata ukingo.

Nilisimama, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu.

"Jua."

Hakuna mlango uliofunguka. Hata kuku hawakugeuka. Nilihisi masikio yakichoma. Hapo ningeweza kuketi, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeshalisema, na niligundua kwamba kulisema kwa sauti ndogo hakukunipunguzia woga hata kidogo.

"Jua!" nilipiga. "Juaaa! Tokeni! Jua!"

Mlango wa mwisho uligonga ukuta. Dereva alitokea na vesti, godoro tayari begani. "Nani huyo? Mzee amebadilisha sauti?" Nyuma yake milango mingine, blanketi, magunia, watoto, makelele. Nilikimbia nikatoa trei za mama, moja moja, nikazipanga juu ya ua. Mama mwenyewe aliingia getini na kikapu mgongoni, akasimama, akaniona, akakimbia bila kuuliza. Trei zilipokwisha nilirudi chumbani. Nilifungua pazia, nikalivuta blanketi la kijivu kutoka kitandani, zima, pamoja na ile harufu yake, nikalitoa nje.

Jua lilikuwa limejaa uani sasa, jembamba lakini la kweli. Nguo zilianza kutoa mvuke.

"Nipeleke kwa kamba," Mzee alisema.

Nilimshika mkono. Alipapasa kamba mpaka akafika katikati, akaikuta ovaroli ya dereva. Aliisukuma kando kwa kidole gumba, taratibu, ikaanza safari yake kwenda kwenye kivuli cha choo. Kisha alinyoosha mkono kupokea blanketi langu, akalitandaza pale palipobaki wazi, palipokuwa pake, akalipigapiga kama mgongo wa mtoto.

"Umechelewa," alisema. "Ilikuwa imetoka kitambo. Mimi nilisikia kwa uso."

"Ulisikia? Mbona hukuita?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Aliinua uso juu, akafumba macho yote mawili. Nilitazama nyuma, mlangoni kwake. Kikombe kilikuwa pale pale nilipokiweka, kimejaa mpaka juu, na maziwa yameshafunga utando.